Ankara ya maji, majitaka na kodi ya jengo

SWALI: Nimepanga nyumba Moshi. Ninalipa ankara ya maji yenye tozo ya majitaka, na umeme nao hukatwa kodi ya jengo. Je, kodi hiyo haigharamii maji? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Haigharamii, ndugu msomaji. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia, ilhali mamlaka ya maji hutegemea zaidi ankara za wateja, kwa bei zinazoidhinishwa na EWURA, mamlaka ya serikali ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ili kulipia umeme wa pampu, dawa za kutibu maji na matengenezo ya mabomba. Anayewajibika kulipa kodi ya jengo ni mwenye nyumba, kwa hiyo ni haki yako kuzungumza naye ili makato hayo yapunguzwe kwenye pango.

Kuhusu majitaka, tozo hukokotolewa kwa kiasi cha maji yaliyosomwa kwenye mita. Hivyo tangi la choo linalovuja hukugharimu mara mbili, jambo linalonisikitisha kwa kuwa wengi hawalijui. Fungeni mabomba yote usiku, andikeni tarakimu zinazosomeka kwenye mita, na ikiwa asubuhi zimesogea, mwiteni fundi. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20.