Pipa la Saba Nalo Lipimwe

Karibuni maabara ya kupima ubora wa dawa, wadogo zetu. Makoti yamewapendeza, na tunajua chuo mmefaulu vizuri. Sasa tuzungumze kuhusu glisarini, kimiminika kinachotiwa kwenye dawa za maji.

Mapipa 24 yameingia ghala la karantini asubuhi. Saa nane mchana yote yana lebo ya kijani, yaani yamepita. Ukifungua rekodi unakuta msongamano 1.2608, maji asilimia 0.12, DEG (diethilini glikoli, sumu tunayoitafuta) haikuonekana. Ukifungua COA (cheti cha uchambuzi) ya msambazaji unakuta msongamano 1.2608, maji asilimia 0.12, DEG haikuonekana. Ama mashine zetu na za huko ilikotoka ni mapacha, ama kuna mtu amenakili. Na kila kundi jipya likiingia, anapatikana mmoja wa kunakili. Ndiyo maana tunaandika haya.

1. COA ni maneno ya muuzaji. Ifungue, isome, iweke pembeni, kisha kapime. Kabla ya kuifungua, nenda ghalani usome pipa lenyewe: jina la mtengenezaji (si la dalali), namba ya loti, daraja la dawa au la viwandani, namba ya sili. Pipa ambalo sili yake haimo kwenye orodha ya mzigo halisogei kwenda popote, hata kama mengine 23 yako sawa.

Mnadhani tunatia chumvi. Panama mwaka 2006, mapipa 46 ya kitu kilichoitwa glisarini yalitoka China, yakapita Hispania, yakaingia kwenye maabara ya serikali iliyokuwa ikitengeneza dawa ya kikohozi. Ndani ilikuwa DEG. Njiani mzigo ulipita mikono kadhaa, na kila mkono ulitoa karatasi yake, hadi jina la aliyeutengeneza likapotea. Karatasi zilifika safi kabisa. Waliokunywa wakafa kwa figo kushindwa kazi, zaidi ya mia moja. Hakuna mkono hata mmoja uliofungua pipa na kupima.

2. Kuchukua sampuli. Hapa ndipo mnapotuua.

Ile fomula ya kipeuo cha pili cha idadi ya mapipa jumlisha moja mliyofundishwa chuoni, kwa mapipa 24 inakupa 6 ya kuchota. Ina mahali pake kwa vipimo vingine na kwa msambazaji mliyemkagua wenyewe. Kwa utambulisho (kuhakikisha kitu ni kile kweli) na kwa DEG na EG (ethilini glikoli, sumu nyingine), kila pipa. 24 ni 24. Kanuni ni hiyo hiyo kwa propilini glikoli, sorbitoli ya maji na maltitoli ya maji, vimiminika vingine vya kutengenezea dawa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliandika mwongozo wa glisarini mwaka 2007, ikaupanua kwa hao ndugu zake mwaka 2023, baada ya watoto wengi kufa.

Mrija wa kuchotea uwe wa chuma cha pua au kioo, mmoja safi kwa kila pipa. Uteremshe taratibu ukiwa wazi juu hadi uguse chini, uzibe kwa kidole gumba chenye glavu, ndipo utoe. Ukichota juu juu umepima juu juu. Glisarini ni nzito, haijichanganyi yenyewe kwa kusubiri. Fungua pipa moja, chota, funga, bandika lebo ya sampuli, ndipo uende la pili. Ukiacha vifuniko 24 wazi kwa pamoja, glisarini itavuta unyevu wa hewa, na kesho utakuja kulalamika kipimo cha maji kimepanda.

Na msichanganye sampuli kwenye chupa moja. Narudia kwa sababu hili ndilo mnalolipenda, linaokoa muda. Fanya hesabu: pipa la saba lina DEG asilimia 2, yaani mara 20 ya ukomo wa asilimia 0.10. Mengine 23 ni safi. Ukichanganya sawasawa, 2 gawanya kwa 24 ni 0.083. Imepita! Lebo ya kijani! Lakini kule uzalishaji hawachanganyi mapipa 24. Bechi ya lita 2,000 yenye glisarini asilimia 10 inahitaji kilo 200, na pipa moja lina kilo 250. Kwa hiyo pipa la saba litaingia tangini peke yake, na chupa 20,000 za mililita 100 zitatoka nalo. Wastani wako haukuwahi kuwepo kwenye chupa yoyote.

3. Sasa kosa letu. Hili si la wageni. Ni la fani nzima, wazee kwa vijana, na ninyi mmelirithi kutoka kwetu kama mtoto anavyorithi chongo la baba.

Sisi tuliamini refraktomita, kifaa kinachopima jinsi kimiminika kinavyopinda mwanga. Ni kifaa kizuri, hakina umeme mwingi, matone mawili na dakika moja, jibu limetoka. Glisarini husoma kati ya 1.470 na 1.475 kwenye nyuzi 20. DEG husoma karibu 1.447. Tofauti inaonekana kwa macho, kwa hiyo tukajiona tumemaliza. Tukahamisha imani ile ile kwenye propilini glikoli, bila kuuliza. Propilini glikoli husoma karibu 1.432. Ethilini glikoli, sumu yenyewe, nayo husoma karibu 1.432. Yaani unaweza kuwa na pipa zima la EG, lote, chini hadi juu, refraktomita ikakwambia karibu ndani. Tukaandika "inakubaliana", tukatia saini, na mkono haukutetemeka.

Tukishtuka, tunakimbilia msongamano. Hapo kuna nafuu: propilini glikoli ni 1.036, EG ni 1.113. Pipa zima la EG litajifichua mara moja. Lakini wauza sumu wengi hawabadilishi pipa zima, wanachanganya, na wengine hawajui hata kama wamechanganya, pampu moja imetumika kwa matangi mawili. Weka asilimia 1 ya EG ndani ya propilini glikoli: msongamano unapanda hadi 1.0368 hivi. Mipaka ya famakopia (kitabu rasmi cha viwango vya dawa) ni 1.035 hadi 1.037. Umepita ukiwa na mara kumi ya ukomo wa sumu. Kwenye glisarini ni hivyo hivyo. Asilimia 1 ya DEG inaushusha msongamano kutoka 1.261 hadi karibu 1.26, wakati kinachotakiwa ni usipungue 1.249. Maji kidogo tu yangeushusha zaidi ya hapo. FTIR nayo (mashine inayotambua kemikali kwa mwanga wa infraredi), mnayoitegemea kama nabii, inakwambia "hii ni glisarini" na inasema kweli. Ni glisarini, yenye kitu kingine kidogo ndani yake, na kidogo hicho haikioni.

Hilo ni upande mmoja wa kosa. Upande wa pili ni wa aibu zaidi. Haiti, mwaka 1995 na 1996, watoto walikufa baada ya kunywa paracetamol ya maji iliyotengenezwa hapo hapo nchini. Glisarini iliyotumika ilikuwa na DEG asilimia 24. Chukueni kalamu. Mchanganyiko huo kwa hesabu ya karatasini una msongamano wa karibu 1.22. Haihitaji GC (kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha kemikali), haihitaji FTIR, haihitaji digrii. Chupa ya piknomita (yenye ujazo unaojulikana kamili) na mizani vinatosha, dakika ishirini. Kwa hiyo sisi, fani hii, tuna makosa mawili yanayokinzana: tukiwa na vifaa rahisi tunaviamini kuona visichoweza kuona, na tukiwa tumezoea mashine kubwa tunadharau kupima hata kile ambacho kifaa rahisi kingekiona. GC ikiharibika wiki mbili, badala ya kupima msongamano na kuliacha pipa karantini, tunasoma COA.

Mpangilio unaotakiwa ni huu. Msongamano na FTIR kwa kila pipa, kwa utambulisho. Kisha GC kwa kila pipa, kwa DEG na EG. Kama GC imekufa, Shirika la Afya Duniani lina njia ya hatua mbili inayoanza na kromatografia ya tabaka jembamba, sahani na kiyeyushi tu, inayokuchujia mizigo mibaya huku ukisubiri fundi. Sahani ikitia shaka, pipa linasubiri GC. Sahani ikiwa safi bado unaandika ni njia gani umetumia, huandiki "GC" kwa mazoea.

Kwenye GC yenyewe, kosa la wageni ni moja. Wanachoma sampuli (wanaidunga kwenye mashine), hawaoni kilele cha chati mahali pa DEG, wanaandika "haikuonekana". Standadi (sampuli ya kulinganishia, yenye DEG inayojulikana) ya asilimia 0.10 iko wapi? Kama standadi nayo haina kilele, basi mashine yako ni kipofu, na kipofu kusema hajaona mtu si ushahidi kwamba chumba ni kitupu. Anza na blanki (kiyeyushi kitupu), fuata standadi kwenye ukomo, ichome tena uone inajirudia, ndipo sampuli, na baada ya kila sampuli kadhaa rudisha standadi. Glisarini inachafua laina ya injekta (kijibomba sampuli inapoingilia) vibaya sana. Kilele kikianza kuvimba mkia, badilisha laina kabla ya kulaumu kolamu, ule mrija wa kutenganishia. Na usivute mstari wa chini wa chati kwa mkono ili kilele kipungue. Mashine inaandika nani kavuta na saa ngapi.

4. Ya haraka haraka. Andika kwenye rekodi papo hapo, si kwenye karatasi ya kufungia vitumbua. Ukikosea, mstari mmoja, saini fupi, tarehe, sababu. Wino wa kufutia ukionekana maabara mwenye nao ataeleza. Risiti ya mizani ibandikwe siku hiyo. Friji ya standadi si ya maziwa mgando.

5. Jibu likitoka nje ya mipaka. Usimwage chochote! Viala (vichupa vya sampuli), flaski, pipeti, mabaki ya sampuli, vyote vibaki mezani kama ajali ya barabarani kabla trafiki hajafika. Mwite msimamizi. Angalieni hesabu, mizani, standadi, usafi wa vyombo, mpangilio wa viala. Mkipata kosa la maabara lenye ushahidi, liandikeni, mrudie. Msipolipata, jibu lile linasimama, na uchunguzi unahamia kwenye pipa na kwa msambazaji.

Mgeni anachofanya ni kuchoma tena. Ikikataa, anachoma tena. Ya tano ikipita, anaichapa hiyo. Mwaka 1993 suala hili lilifika mahakamani New Jersey, serikali ya Marekani dhidi ya Barr Laboratories, na jaji Alfred Wolin akakataa kata kata tabia ya kupima hadi upite, na pia ya kufunika jibu baya kwa kulichanganya na mazuri kwenye wastani. Ni vizuri kujua kwamba jaji, mtu wa sheria, alikaa akaelewa suala ambalo baadhi yetu wenye shahada ya kemia bado linatupa taabu.

6. Uzalishaji watakuja mlangoni. Tangi limeshaoshwa, maji yamechemshwa, zamu imelipwa, "kaka, tupe tu namba ya kuanzia". Wasalimieni vizuri, ni watu wazuri, na mkipata njaa usiku wao ndio wana chai. Namba hawapati. Sirapu ikishachanganywa, sukari, rangi na ladha ya stroberi vinafanya upimaji wa DEG kuwa mgumu zaidi kuliko ulivyokuwa kwenye pipa.

Kumbukeni pia DEG ni tamu. Hakuna mama atakayeonja akaitema. Marekani mwaka 1937 kampuni ya S.E. Massengill ilitaka sulfanilamaidi (dawa ya bakteria) ya maji. Dawa ile haiyeyuki vizuri kwenye maji, mkemia akaona DEG inaiyeyusha. Wakaangalia rangi, harufu na ladha ya rasiberi. Sumu hawakuangalia, na sheria haikuwadai. Walikufa watu 105. Kosa walilopatikana nalo kisheria ni la jina: waliiita eliksa, na eliksa ilitakiwa iwe na pombe. Sheria mpya ilikuja 1938. Gambia ilikuwa 2022, miaka 85 baada ya Massengill, na kemikali ni zile zile DEG na EG, ndani ya dawa nne za maji za watoto zilizoagizwa kutoka India. Tahadhari ya Shirika la Afya Duniani ilipotoka Oktoba, watoto 66 walikuwa wameshakufa. Madaktari waliona kwanza dalili ambayo haipo kwenye rekodi yoyote ya maabara: mtoto alikuja na homa, akapewa dawa, akaacha kukojoa.

7. Sampuli ya akiba. Weka ya kutosha kurudia vipimo vyote mara mbili, chupa imejaa, kifuniko kimekazwa, lebo yenye namba ya pipa na si namba ya loti tu. Mkiandika loti peke yake, siku tutakayoulizwa kuhusu pipa la saba tutakuwa na chupa 24 zinazofanana.