Printa ya Maabara Iwe ya Kompyuta, Isiwe ya Akaunti Yako

Wewe uliyeajiriwa juzi, au uliyeletwa kwa atachimenti katika maabara ya kompyuta, huenda ukakabidhiwa kazi ile ile niliyoanza nayo mimi hapa Kisumu: kila mwanafunzi aweze kuchapisha, popote atakapokaa. Nilizunguka kompyuta ishirini, nikaingia kwa akaunti yangu, nikaongeza printa, nikatoa karatasi ya majaribio. Zote zilitoka safi. Kesho yake wanafunzi wakaingia kwa akaunti zao na printa haipo. Binti mmoja alikuwa na fomu ya basari ya kupelekwa kwa chifu kupigwa muhuri siku hiyo hiyo. Alipanda bodaboda kwenda kutafuta saiba Kondele, na mpaka leo sijamsahau.

Kosa lilikuwa hili. Katika Windows, ukiunganisha printa inayotoka kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayozigawia nyingine printa, muunganisho ule huandikwa kwenye wasifu (mipangilio binafsi) wa mtumiaji aliyeuunganisha. Kompyuta yenyewe haina habari. Akija mwingine, anaanza upya.

Kama mna seva ya printa, ingia kwa akaunti ya msimamizi, fungua dirisha la amri (Command Prompt), kisha andika:

rundll32 printui.dll,PrintUIEntry /ga /n"\\seva\printa"

Weka majina yenu mahali pa seva na printa. Ile /ga ndiyo inayoifanya printa kuwa ya kompyuta nzima. Usishtuke usipoiona papo hapo: anzisha upya huduma ya Windows inayosimamia kazi za kuchapisha, iitwayo Print Spooler, halafu toka na uingie tena. Siku ya kuiondoa tumia /gd, maana mtumiaji akiifuta mwenyewe itamrudia akiingia tena.

Bila seva, iongeze kama printa ya kompyuta hiyo, kwa mlango wa TCP/IP, yaani njia ya kuifikia printa kupitia mtandao, wenye anwani ya printa kwenye mtandao huo. Printa nyingi za ofisi hupokea kazi kupitia mlango namba 9100. Hiyo nayo wataiona wote. Ila hapo kila kompyuta inakuwa na foleni yake, na mtu akituma kurasa mia mbili kimakosa huwezi kumsimamisha ukiwa kwenye meza yako. Kwa maabara kubwa mimi napendelea seva.

Sasa anwani, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Mvua ya ziwani inapokuja na radi, stima hupotea. Ikirudi, ruta inaweza kuipa printa anwani nyingine, na kompyuta zote zikabaki zikiita ile ya zamani. Utaitwa, utakuta printa inawaka, karatasi zimo, wino upo, na hakuna kinachotoka. Nilipoteza saa nzima nikibadilisha nyaya kabla ya kutazama anwani. Chapisha ukurasa wa mipangilio kwenye printa yenyewe, chukua anwani ya MAC (namba ya kukitambulisha kifaa chenyewe) iliyoandikwa pale, uiingize kwenye ruta ili printa itengewe anwani moja siku zote. Kisha iandike anwani hiyo kwenye kipande cha karatasi ukibandike ubavuni mwa printa. Atakayekupokea kazi atakushukuru.

Draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia printa, iweke wewe, mapema. Tangu Agosti 2021, baada ya udhaifu wa kiusalama uliopewa jina PrintNightmare, Windows humtaka msimamizi kabla ya kuweka draiva ya printa. Mwanafunzi akikutana na dirisha linalodai nenosiri atakuja kukuomba. Usimpe, hata foleni iwe ndefu namna gani na hata akiwa ni mtu wa kwenu. Nenda ukaiweke mwenyewe.

Printa ambayo kompyuta huichagua yenyewe mtu asipotaja nyingine (default) nayo huwekwa kwa kila mtumiaji peke yake, basi ondoa zile mbovu na zile za zamani ili mtu asichapishe hewani.

Na usiseme umemaliza kabla ya kujaribu kwa akaunti ya kawaida ambayo haijawahi kuingia kwenye kompyuta hiyo. Mimi nina moja ya mwanafunzi niliyoiweka kwa kazi hiyo tu. Jumatatu, kabla ya saa mbili asubuhi, nachagua kompyuta tatu za safu ya nyuma, naufuta wasifu wake uliobaki pale, naingia upya na kuchapisha ukurasa mmoja kwa kila kompyuta. Zikitoka tatu, nafungua mlango.