Mpiga gitaa aliyetuathiri zaidi: vidole vyangu vinajibu Mukabi

Aliyeanzisha mada ameuliza ni wapiga gitaa gani waliotuathiri zaidi sisi tusiolipwa: wa kupiga sebuleni, kanisani na kwenye matanga. Nimesoma majibu yote mpaka hapa. Hendrix yupo, Santana yupo, Clapton katajwa mara chungu nzima, halafu bwana mmoja akamleta Franco wa Kongo na nikashusha pumzi, angalau sasa tumerudi nyumbani. Siwapingi. Ila naona wengi wametaja wanaowapenda, na mapenzi ni jambo jingine. Aliyekuathiri ni yule ambaye ukishika gitaa huku unapiga soga, akili iko kwingine, vidole vyako vinaenda kwake bila kutumwa.

Vyangu vinaenda Kisa, upande wa Butere magharibi mwa Kenya, kwa George Mukabi.

Nimekulia upande wa Luanda, Vihiga. Mukabi alifariki 1963, mimi sijazaliwa, lakini kila mzee aliyekuwa na gitaa kule kwetu alipiga Mukabi, au alipiga kitu alichofunzwa na mtu aliyefunzwa na Mukabi. "Sengula Nakupenda" na "Mtoto Si Nguo" nilizijua kabla sijajua ni za nani. Mtindo wenyewe unaitwa omutibo, na ukitaka kuuelewa usikodolee mkono wa kushoto kama vijana wanavyofanya kwenye simu. Tazama wa kulia. Ni vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linashuka kwenye nyuzi nene na kushika mapigo ya isukuti, zile ngoma za Waluhya, halikomi wimbo mzima. Cha shahada kinazichomoa nyuzi nyembamba kwenda juu, na hicho ndicho kinachoimba. Mwimbaji akimaliza mstari, kidole kinaurudia vilevile, kisha kinaongeza kamkia kake. Mtu mmoja, kigoda kimoja, na unasikia ngoma, besi na mwitikiaji.

Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenifunza, hakuwa na kapo ya dukani, kile kibanio cha nyuzi kwenye shingo ya gitaa. Alikuwa na penseli ya pembe sita na kipande cha tyubu ya baiskeli. Penseli unailaza juu ya nyuzi nyuma ya freti (vile vyuma vya kwenye shingo) ya 3 au ya 4, tyubu unaipitisha nyuma ya shingo ya gitaa, unaivuta mpaka inabana penseli ncha zote mbili, unafunga. Ikilegea upande mmoja, uzi wa upande huo unanguruma na wimbo umeharibika. Ikikaa sawa, nyuzi zimefupika, sauti inakuwa kali na kavu, na inapenya kelele za watu uani bila umeme wowote. Nilidhani ni umaskini tu. Baadaye nilinunua kapo nzuri ya chuma na bado nikaona ile sauti kavu ya penseli inafaa omutibo zaidi.

Pembeni ya mjomba kulikuwa na chupa ya Fanta, ile ya kioo ya zamani yenye mifuo, inakwanguliwa kwa msumari. Msicheke. Abana ba Nasery, kikundi cha Bunyore kwetu, Shem Tube na Justo Osala wakiwa kwenye magitaa na Enos Okola kwenye chupa, waliipeleka chupa hiyo mpaka Ulaya, na wakatoa albamu iliyosikilizwa huko na watu ambao hawajui Luanda iko wapi. Mkitaka kusikia magitaa mawili yasiyo ya umeme yanavyoachiana nafasi, mmoja juu na mwingine chini, watafuteni hao kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mukabi naye hakushuka kutoka mbinguni. Kabla yake kuna Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 pale Jadotville, leo Likasi. Santuri zake zilifika huku kwetu, na mwishoni mwa miaka ya 50 yeye mwenyewe akaja Nairobi, akawa anasikika redioni hadi kwenye matangazo ya dawa. Alikuwa akiimba Kiswahili, cha Katanga lakini Kiswahili, kwa hiyo mzee wa Butere aliyempenda alipata maneno pamoja na vidole. Naye pia ni gumba na shahada. Kwa masikio yangu Bosco ni mwepesi, anazungukazunguka kwenye nyuzi nyembamba na kurudi. Watu wetu walichukua mkono ule wakautia uzito wa isukuti. Na wala Bosco si mwanzo: kwa Wakipsigis santuri za mwimbaji Jimmie Rodgers wa Marekani zilishafika kitambo, kiasi kwamba Tracey huyohuyo mwaka 1950 aliwarekodi wakimwimba kwa jina la Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers kwa matamshi yao. Anayetaka kunithibitishia kuwa gitaa la nyumbani lina baba mmoja ana kazi.

Sasa najua Kisumu watanirukia: na Misiani je? Nasema wazi, kwa kusikiliza, D.O. Misiani nampenda kuliko Mukabi. Alizaliwa upande wa Shirati, Tanzania, akafariki kwa ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006, na katikati hapo bendi yake ya Shirati Jazz ilifanya mambo ambayo hadi leo nikiyasikia kwenye matatu nasahau kushuka. Lakini swali ni la wapiga gitaa wa nyumbani, na benga, muziki wake wa Kijaluo wa bendi, haikubali kukaa nyumbani peke yake. Solo, yaani gitaa linaloongoza, inamjibu mwimbaji, gitaa la pili linaikimbiza solo, besi inawasukuma wote, na wimbo ukifika mwisho ule wa kasi ndipo raha ilipo. Wajaluo walikuwa na nyatiti, nyuzi 8, mpigaji mmoja akitumia mikono miwili na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ubao. Benga iliigawa kazi hiyo kwa watu watatu au wanne. Nikikaa peke yangu nikapiga Misiani, mke wangu anauliza wenzangu wako wapi. Tulichopata kwake sisi wa nyumbani ni ile tabia ya kushika nyuzi mbili pamoja na kuzitembeza haraka juu ya shingo. Si haba.

Wa kwangu wa pili hatajwi na mtu, kwa sababu hakuwa wa solo. Kila mtu akisikia "Sina Makosa" ya bendi ya Les Wanyika anamfuata John Ngereza, mpiga solo wao. Mimi niliishi Kisumu miaka ya ujana nikipiga gitaa la pili kwenye bendi ndogo ya hotelini, na mtu niliyelazimika kumsoma ni Omar Shabani, mpiga ridhimu wao. Anarudia kitu kilekile, kidogo, safi, na hachoki. Jaribu kukirudia dakika nane bila kuongeza kasi, bila kutia madoido, huku watu wanacheza mbele yako. Mkono utaanza kuwaka, utatamani kubadilisha chochote ili mradi upumzike. Nimeona vijana wenye solo za kutisha wakishindwa hapo. Wapiga gitaa wengi wa mitaani tunaowajua ni watu wa gitaa la pili, ila wakiulizwa wanataja mtu wa solo.

Mmoja hapo juu ameuliza tulijifunzaje bila intaneti. Kiongozi wa ile bendi alikuwa na mashine ya santuri yenye kasi mbili. Unachukua santuri ya 45 unaipiga kwa 33, wimbo unakwenda polepole na mwimbaji anageuka zimwi. Tatizo ni kwamba sauti nayo inashuka, kama freti 5 na chembe kidogo, na ile chembe ndiyo inayoudhi kwa sababu gitaa halina freti ya chembe. Kwa hiyo unalegeza nyuzi zote kidogo, unajifunza, kisha unazikaza upya. Siku hizi simu inapunguza kasi na sauti inabaki palepale, ndiyo maana vijana wa kanisani hapa Nakuru wanapiga sebene, zile sehemu za gitaa za kasi, za Mkongo Diblo Dibala ambazo sisi tungezisikiliza kwa mdomo wazi tu. Diblo ameathiri kanisa kuliko baa, nani angedhani.

Kuhusu Wamarekani, Nakuru ni mji wa muziki wa kantri, kwa hiyo siwezi kuwapita. Huko Nashville mtayarishaji wa mwimbaji Jim Reeves alikuwa Chet Atkins, naye akiketi na gitaa lake gumba linapiga besi na vidole vinaimba. Mjomba alipomsikia mara ya kwanza alisema huyu amefunzwa Butere. Hendrix nampa heshima zake, ila kwetu umeme ulichelewa, na Hendrix kwenye gitaa la mbao lisilo na amplifaya anabaki jina.

Kwa aliyeuliza anunue gitaa gani: kwa omutibo chukua la mbao lenye nyuzi za chuma, si la nailoni, na nyuzi ziwe nyembamba. Usinunue picki, kile kibao cha kuchapia nyuzi. Chukua kapo, na ukikosa hela ya kapo unajua cha kufanya. Gumba peke yake kwanza, mpaka uweze kuongea na mtu likiendelea. Ukifika hapo nitumie ujumbe wa ndani nikuelekeze kidole cha shahada.