Barua kwa mwanangu: kabla hujampigia shangazi wa yule mchezaji

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Mgongo wa baba yako umetulia kidogo. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema kocha mkuu unayemsaidia kwenye timu ya soka ya wasichana ya chuo anamtaka yule kiungo wa Kenya anayechezea chuo kingine cha ligi yenu. Na kwa kuwa wewe ni Mswahili mwenzao, na shangazi yake mnakutana kwenye misiba na harusi, anataka umpigie shangazi “umsalimie tu” na umdokezee kwamba nafasi ipo. Unaniuliza: je, hapo nitakuwa nimevunja kanuni, ikiwa binti mwenyewe sijasema naye neno?

Utakuwa umevunja. Kanuni ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, haijali simu imeita mfukoni mwa nani. Maadamu mchezaji bado ni wa chuo kingine, hamruhusiwi kuzungumza naye habari za usajili, wala na ndugu zake, wala kumtuma mtu wa kati, mpaka jina lake liingie kwenye potali ya uhamisho, ile orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo. Na jina haliingizwi na mjomba wala kocha. Yeye mwenyewe anaandika taarifa kwa ofisi ya kanuni ya chuo chake, nao wana siku 2 za kazi za kuliweka. Likishaonekana, angalieni kwanza kama ameweka alama ya kwamba hataki kutafutwa. Kama hakuweka, pigeni simu. Ikitokea shangazi amekupigia yeye kabla ya hapo, mwambie, “Siwezi kulizungumza hilo mpaka jina lake liwe kwenye potali,” kisha andika tarehe na saa ya simu hiyo na uipeleke ofisi ya kanuni siku hiyohiyo. Usimwachie hata neno “subirini”. Neno hilo peke yake ni usajili, hata likitanguliwa na shikamoo na marahaba.

Basi swali lako limekwisha. Lililoninyima usingizi ni jingine.

Umenieleza huyo binti anavyopokea mpira, anavyogeuka, mguu wake wa kushoto, na kwamba ana misimu miwili mbele yake. Hukuniambia ni nani atakayetoka. Tangu Hakimu Claudia Wilken aidhinishe makubaliano ya kesi ya House, ile ya wanamichezo dhidi ya NCAA, tarehe 6 Juni 2025, vyuo vilivyoyakubali, na chenu kimo, havina tena ukomo wa skolashipu 14 katika soka la wanawake. Mahali pake pamewekwa ukomo wa wachezaji 28. Zamani vikosi vya wasichana 30 na zaidi vilikuwa jambo la kawaida, zile skolashipu 14 zikigawanywa vipande vipande, na wengine wakijilipia wenyewe ili wavae jezi tu. Kocha akimpata mtu mpya katikati, aliongeza kiti. Sasa kiti hakiongezwi. Akiingia wa 29, kuna msichana anafungasha viatu, na huyo naye ana mama aliyemwendesha maili mia mbili kila wikendi kwenda kwenye mashindano.

Unajua kwa nini nalisema hili. Dada yako alikuwa na miaka 14, darasa la tisa, majira ya kuchipua ya 2013. Wakati huo kanuni zilimzuia kocha wa chuo kumpigia mtoto simu, ila hazikumzuia mtoto kumpigia kocha. Kwa hiyo kocha alimtumia ujumbe kocha wa klabu: mwambie anipigie saa moja jioni. Mtoto akapiga, akaahidiwa ufadhili wa asilimia 60, akasema ndiyo, na tangu siku hiyo akaacha kujibu barua za vyuo vingine, maana tulimfundisha nyumbani kwamba ahadi ni deni. Miaka mitatu akavaa kofia ya chuo kile. Januari 2016, wiki tatu hivi kabla ya siku ya kusaini, nafasi ikaondolewa: walikuwa wamepata beki aliyekwisha kucheza chuoni miaka miwili, aliyehama kutoka kwingine. Na simu ya kumwambia hivyo hakupigiwa yeye. Alipigiwa kocha wa klabu. Ilipita njia ileile iliyoleta ahadi. Kwa hiyo ninaposikia “mpigie shangazi”, naisikia ile simu ya Januari.

Wapo watakaokwambia hayo yamekwisha. Kweli, tangu 2019 kocha haruhusiwi kuwasiliana na msichana kabla ya tarehe 15 Juni ya kumaliza darasa la kumi, wala kumwalika chuoni rasmi kabla ya tarehe 1 Agosti inayofuata. Hilo lilikuwa jema, na lilichelewa. Lakini lilichofanya ni kuisogeza ahadi mbele miaka miwili tu. Ahadi ya mdomo bado haimfungi yeyote. Ile barua ya taifa ya kujifunga na chuo nayo ilifutwa Oktoba 2024, na sasa kinachobaki ni mkataba wa ufadhili uliosainiwa na pande zote. Kisichoandikwa humo hakipo. Ndiyo maana nakushikilia: ahadi ni deni, na ya mtu mzima kwa mtoto ni deni maradufu.

Nimeandika hivyo, halafu nikasimama. Kwa sababu mwaka 2018 dada yako alihama, na waliovunja ahadi safari hiyo tulikuwa sisi. Kile chuo kidogo kilichompokea mwaka wake wa mwisho wa sekondari kilimpa kila kilichomwahidi, mpaka nauli ya Krismasi. Naye akaondoka mwezi Mei, baada ya misimu miwili, akamwacha kocha yule bila beki wa kushoto wakati pesa zote za ufadhili zimekwisha kugawanywa. Je, alikosea? Kozi aliyoitaka haikuwepo pale. Alikuwa akilia usiku. Ningemwambia abaki? Nisingemwambia.

Na mfumo wa wakati ule ulikuwa mbaya kuliko huu, hilo nalisema nikiwa na hakika. Potali ilikuja Oktoba 2018. Kabla ya hapo mchezaji aliomba ruhusa ya maandishi ili vyuo vingine viruhusiwe hata kuzungumza naye. Wakimnyima, aliweza kukata rufaa ndani ya chuo kilekile kilichomnyima. Aliyeondoka bila ruhusa alikaa mwaka mzima bila ufadhili wa michezo huko aendako. Jibu la dada yako lilikuja siku ya 7 ya kazi, siku ya mwisho kabisa, likiondoa vyuo vyote vya ligi yao na vyote vilivyokuwa kwenye ratiba yao ya mwaka uliofuata. Na ili acheze bila kukaa nje msimu, chuo cha zamani kilipaswa kuandika kwamba hakina pingamizi. Kocha alikuwa ameshika ufunguo wa mlango wa msichana wa miaka 19. Nisingependa turudi huko. Kwa hiyo potali siilaani, na hata ile hatua ya Aprili 2024 ya kuruhusu mtu ahame mara nyingi na kucheza papo hapo, mradi masomo yake yako sawa, siilaani. Uhuru wa mchezaji nautaka. Ninachokikataa ni mtu mzima kuutumia uhuru huo kama mfereji wake wa kujinywea.

Nafasi kwenye orodha ya kocha ni mali, usilisahau hilo. Rudy Meredith, aliyewafundisha wasichana wa Yale zaidi ya miaka ishirini, alipokea hundi ya dola 400,000 kwa kumwandikisha kama mchezaji msichana ambaye hakuwa mchezaji. Mambo yalipofichuka Machi 2019, watu walishangaa ukubwa wa hundi. Mimi nilichokitazama ni kwamba nafasi ile ingekuwa ya msichana fulani anayejua mpira, ambaye mpaka leo hajui kwamba ilikuwa yake.

Sasa twende kwenye kazi, maana huyo wa Kenya huenda akaingia potali kwa hiari yake, na mkimpata kwa njia safi nitafurahi kuliko wote. Dirisha la kwanza hufunguka Novemba, siku inayofuata kutangazwa kwa timu 64 za mashindano ya taifa. La pili ni fupi, tarehe 1 hadi 15 Mei. Kumbuka potali ni mlango wa kutokea tu. Akishatoa taarifa, chuo chake kina haki ya kumkatia ufadhili muhula ukiisha, hata kama hajapata pa kwenda. Mwambieni hilo siku ya kwanza mnapozungumza, msingoje alijue kwa machozi.

Kabla ya kumwalika, ombeni matokeo yake ya masomo na muyapeleke kwenye idara atakayosomea. Msiishie ofisi ya udahili. Kuna hesabu mbili na watu huzichanganya: krediti ambazo chuo kinazipokea, na krediti ambazo shahada yenyewe inazihesabu. Dada yako alikuwa na 62. Chuo kilizipokea zote. Shahada ikahesabu 45. Kanuni inataka asilimia 40 ya shahada kabla ya mwaka wa tatu, yaani 48 kati ya 120, kisha 60 kabla ya wa nne na 80 kabla ya wa tano. Ilibidi asome kozi ya krediti 3 kiangazi chote ili tu aruhusiwe kucheza Agosti, na kozi hiyo tuliilipia sisi.

Huyu wenu ana viza ya mwanafunzi, F-1, kwa hiyo pana jambo la ziada. Akishakubaliwa, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake cha sasa ndiyo inayohamisha rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, kwa tarehe wanayokubaliana. Ikishahama, chuo chenu kinamtolea I-20 mpya, ile hati ya chuo inayoshikilia viza yake. Masomo lazima yaanze ndani ya miezi 5, na aripoti kwenu ndani ya siku 15 tangu tarehe ya kuanza programu. Wasichana huikosea hiyo tarehe: wanaichagua mapema mno wakiwa bado wana kazi ya maktaba kule walikotoka, na rekodi ikihama kazi hiyo nayo inakwisha. Na kocha wako asimdokezee pesa za jina na sura, zile anazolipwa mchezaji kwa matangazo. Viza hiyo inambana kufanya kazi nje ya chuo, na atakayeumia ni yeye, si kocha.

Halafu yule wa kutoka. Kama kuna msichana hatakuwamo kwenye 28, aambiwe wiki ileile mechi ya mwisho inapochezwa, Novemba, ana kwa ana, na kocha mkuu mwenyewe akiwepo. Akiambiwa Aprili anabakiwa na siku 15 za Mei, wakati timu nyingi zimekwisha kumaliza pesa. Akiambiwa Juni, madirisha yote mawili yamekwisha kufungwa. Someni mkataba wake wa ufadhili mkiwa naye mezani: ni wa mwaka mmoja au mpaka amalize, na unasemaje akiondolewa kikosini huku akitaka kubaki kusoma. Mpeni video za mechi zake zote, si zile mlizoshinda tu. Wapigieni makocha watatu mnaowaamini pindi jina lake likiwa kwenye potali. Hiyo ndiyo simu ningependa kusikia umeipiga.

Kuhusu kocha wako mkuu, ulimi unaniwasha. Baba yako amesema nisiandike, kwa kuwa wewe ndiye unayemwona kila siku na huenda ameteleza kwa kutojua. Makocha wasiojua kanuni hiyo ni wachache sana. Lakini simjui, na mkataba wako ni mpaka Juni, na kazi hizi hazipatikani ovyo. Mpe jibu lako mbele ya mtu wa ofisi ya kanuni, uone uso wake. Mengine nayameza, ingawa hayashuki.

Dada yako anajua ninakuandikia. Amesema nikuulize swali moja: huyo wa 28 mmeshamwambia?

Mama