Fundi Anajibu: Lori linakata mafuta mlimani

SWALI: Fundi, salamu. Nina lori la zamani la dizeli, lile lenye pampu ya nozeli ya safu, inayosukuma dizeli kwa presha kubwa hadi kwenye nozeli za injini. Likiwa tupu halina neno. Likipakia mzigo na kushika mlima, linaishiwa nguvu, linakohoa, mara nyingine linazima kabisa. Nikishuka nikaipiga pampu ya mkono, linawaka na kuondoka vizuri. Filta nimeshabadilisha. Fundi wangu alipima presha ya mafuta likiwa kwenye silensa, yaani limesimama linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, akaikuta sawa, sasa anataka kuishusha pampu ya nozeli ikafunguliwe. Nikubali?

JIBU: Bado, ndugu yangu. Jibu umeliandika mwenyewe pale uliposema pampu ya mkono. Kazi ya pampu hiyo ni kuvuta mafuta tenkini na kuyapeleka kwenye filta mpaka pampu ya nozeli. Presha kubwa ya nozeli haiihusu. Kama ukiipiga lori linafufuka, basi pampu ya nozeli ina njaa, na mwenye njaa hapasuliwi tumbo.

Kipimo cha silensa hakikuambii kitu, maana hapo injini inakunywa kidogo mno. Pima pale pale linapoumwa. Funga kiungo cha T kati ya filta na pampu ya nozeli, weka geji ya presha ya kufika bar 4 hivi, na mpira mrefu ili geji uifunge nje ya kioo cha mbele. Usiingize mpira wa mafuta ndani ya kabini. Pakia mzigo, panda mlima ule ule, mwenzako asome sindano. Pampu nyingi za safu zina valvu ya kurudisha mafuta inayofunguka kwenye bar 1 hadi 1.5, thibitisha kwenye kitabu cha gari lako. Sindano ikishuka kuelekea sifuri wakati lori linakata, tatizo liko upande wa kuleta mafuta.

Sasa tafuta dumu safi la dizeli, lifunge imara mbali na ekzosi, uvute mafuta humo kwa mpira mpya hadi fidi pampu, ile pampu ndogo inayovuta mafuta tenkini injini ikiwaka. Mpira wa kurudisha nao uingie humo humo. Panda tena. Presha ikibaki juu bila kushuka, kosa liko kati ya tenki na fidi pampu, na hapa ndipo ningeweka dau langu. Taka za tenkini hunyonywa zikaziba mdomo wa bomba la kuvutia. Injini ikizima zinaachia, ndiyo maana ukipumzika kidogo lori linapona. Au tundu la hewa la tenki limeziba: likianza kukata, fungua mfuniko usikilize kama linavuta hewa kwa nguvu.

Mipira nayo inadanganya watu wengi. Upande huu mafuta yanavutwa, hayasukumwi, kwa hiyo mpira uliopasuka huingiza hewa bila kudondosha hata tone. Utazunguka na tochi kutafuta unyevu na hutauona. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya fidi pampu, washa, uangalie mapovu. Klipu zilizolegea na washa za shaba zilizotumika tena huleta kisa hicho hicho.

Kama dumu halikubadili kitu, fungua fidi pampu: kachujio kake kadogo, valvu zake, springi ya pistoni. Kisha angalia ile valvu ya kurudisha. Springi yake ikichoka, mafuta yanarudi tenkini badala ya kujenga presha. Ni kifaa kidogo, na mafundi wengi hawakikumbuki. Wakati wote huo usilegeze mabomba membamba ya nozeli injini ikiwaka. Dizeli ya presha ile hupenya ngozi, na kidonda hata kikiwa kama tundu la sindano, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

SWALI: Pikapu yangu ya zamani ya petroli, yenye injekta, asubuhi naizungusha stata muda mrefu ndipo iwake. Ikishawaka haina shida.

JIBU: Unga geji ya mafuta, fungua swichi bila kupiga stata ili pampu isukume, kisha funga. Presha ikidondoka papo hapo, inavuja mahali. Chomoa mpira mdogo wa vakyumu kwenye regyuleta ya mafuta, kile kifaa kinachodhibiti presha. Ukiwa na petroli ndani, utando wa regyuleta umepasuka. Ukiwa mkavu, shuku valvu ya pampu ya ndani ya tenki inayozuia mafuta kurudi, au injekta inayodondosha. Unapochomoa geji, zungushia kitambaa, injini iwe baridi, na pasiwe na moto karibu.