Kabla hujaiamini modeli yako ya muda, tazama midomo ya watu

Wewe unayeanza kuunda modeli za kompyuta kuhusu namna ubongo unavyohisi muda, nina jambo moja nililolipata kwa tabu hapa Moshi. Usifurahie modeli kupatia wastani. Wastani huupata karibu kila modeli. Modeli bora inajulikana kwenye makosa: yanatawanyika vipi muda unapozidi kuwa mrefu?

Modeli ya kwanza utakayofundishwa ni ile ya saa ya ndani, ambayo mwanasaikolojia Michel Treisman aliieleza mwaka 1963. Ifikirie kama bomba linalovuja juu ya ndoo. Matone, yaani mipigo ya saa hiyo, yanadondoka, ndoo inakusanya, na kumbukumbu inalinganisha matone ya sasa na yale ya zamani. Ni rahisi kuiandika kwa Python, lugha ya kompyuta, asubuhi moja, na urahisi huo ndio ulionidanganya.

Chukua karatasi tupige hesabu. Tuseme matone ni 10 kwa sekunde na yanadondoka bila mpangilio, kwa utaratibu wa Poisson, yaani kila tone linakuja kwa bahati bila kujali lililotangulia. Kwa sekunde 2 unasubiri matone 20, na makosa yanatawanyika kiasi cha sekunde 0.45. Kwa sekunde 8 unasubiri matone 80, na mtawanyiko ni sekunde 0.89. Muda umeongezeka mara nne, makosa mara mbili tu. Sasa angalia viumbe wenyewe. Mwanasaikolojia John Gibbon, katika nadharia aliyoitoa mwaka 1977, alisisitiza kwamba mtawanyiko hukua sambamba na muda: muda ukiongezeka mara nne, makosa nayo huongezeka karibu mara nne. Panya wako hivyo, njiwa wako hivyo, na binadamu kwa kiasi kikubwa tuko hivyo. Bomba letu peke yake haliwezi kutoa tabia hiyo. Gibbon aliweka kelele, yaani kuyumba kwa bahati nasibu, mahali pengine, kwenye kumbukumbu na kwenye kasi ya bomba lenyewe, ambayo katika jaribio moja inakuwa ya haraka na katika jingine ya polepole.

Nilikuwa nayajua haya yote kwenye karatasi. Hata hivyo data zangu za kwanza, nilizokusanya kwa kuwaambia wafanyabiashara na wanafunzi mjini wabonyeze sekunde 2 au 8 zikifika, zilikaa kwenye modeli ya bomba kama mfuniko kwenye sufuria yake. Mtawanyiko ulikua mara mbili tu. Nilianza kuandika ripoti kwamba tumeona kitu kipya.

Aliyeniokoa ni mama mmoja anayeuza ndizi. Alipomaliza zamu yake nilimsifia kwa usahihi wake, akanitazama kwa mshangao. “Mwanangu, si wewe umeniambia sekunde nane? Nikahesabu nane.” Siku iliyofuata nilikaa pembeni nikatazama midomo ya washiriki badala ya kioo cha kompyuta. Karibu wote walikuwa wakihesabu kimyakimya. Anayehesabu huukata muda mrefu katika vipande vifupi, na makosa ya vipande hivyo yanafidiana, ndiyo maana mtawanyiko unakua taratibu kama wa bomba. Modeli yangu ilikuwa inaeleza hesabu za darasa la kwanza, wala haikugusa kabisa namna ubongo unavyohisi muda. Data zile zote niliziweka kando.

Kwa hiyo usimtajie mtu namba. Mchezee sauti kwa muda unaoutaka, kisha mwambie, “Bonyeza tena ukihisi muda uleule umefika.” Mkataze kuhesabu waziwazi. Mpe pia kazi ndogo ya kusoma kwa sauti herufi zinazotokea kwenye kioo bila mdundo, na kazi hiyo iwepo wakati wa kusikiliza na wakati wa kujibu. Ikiwepo upande mmoja tu utapata tatizo jingine, kwa sababu umakini ukigawanyika muda huhisiwa mfupi. Chumba nacho kiangalie: kwetu kulikuwa na fundi jirani anayegonga bati, na mdundo wa nyundo ni saa ya bure kwa mshiriki.

Hifadhi kila jaribio kwa mpangilio wake. Karl von Vierordt alionyesha mwaka 1868 kwamba watu hurefusha muda mfupi na kufupisha muda mrefu, wakivutwa katikati. Wanasayansi wa ubongo Mehrdad Jazayeri na Michael Shadlen walieleza mwaka 2010 kwamba ubongo unachanganya ulichosikia sasa na uzoefu wa vipindi vilivyotangulia, kwa hesabu za Bayes, yaani za kupima ushahidi mpya kwa kile ulichotarajia. Ukifuta mpangilio, modeli ya namna hiyo huwezi kuijaribu tena.

Jambo dogo la hapa kwetu: msaidizi akiandika “saa mbili” kwenye daftari na kompyuta ikaandika 08:00, mtafarakana kwa saa sita. Kubalianeni mapema.

Utaulizwa saa hiyo iko wapi kichwani. Usijibu haraka. Wapo wanaoielekeza kwenye striatamu, sehemu iliyo ndani ya ubongo, na dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva. Mwanasayansi wa ubongo Dean Buonomano na wenzake wanasema huenda hakuna saa maalumu, hali ya mtandao wa neva yenyewe inabadilika na kusomwa, kama unavyojua uji umekaa mezani kiasi gani kwa kuangalia utando wake. Mimi binafsi navutiwa zaidi na wazo hili kwa vipindi vifupi vya chini ya sekunde, ila nalipima kwa kipimo kilekile cha mtawanyiko.

Wiki yako ya kwanza jipime mwenyewe. Majaribio 100 ya sekunde 2, 100 ya sekunde 8, yakiwa yamechanganywa, huku unasoma herufi. Piga hesabu ya mtawanyiko wa kila kundi. Ukikuta umekua mara mbili tu, ulikuwa unahesabu. Rudia.