Tairi kwanza, gia baadaye: namna ya kuboresha baiskeli ya milimani bila kuchoma hela

Ukinunua baiskeli ya milimani ya mtumba hapa Arusha, haupiti muda mrefu kabla hujaanza kuwauliza watu ubadilishe nini kwanza. Mara nyingi anayeuliza tayari ana jibu lake moyoni. Anataka gia nyingi zaidi, au shokapu mpya ya mbele kwa sababu ndiyo inayoonekana kwa mbali. Jibu langu huwa linamkata maini: tairi, halafu breki, halafu cheni. Gia zisubiri. Shokapu iwe ya mwisho kabisa, na huenda usiihitaji.

Siongei na watu wa mashindano. Naongea na anayeendesha kwenda kazini siku za wiki, Jumamosi akakata msitu wa Olmotonyi au akashuka Kisongo kula vumbi, na baiskeli yenyewe ni hiyo hiyo moja. Ikilala kwa fundi wiki mbili ikisubiri spea kutoka Nairobi, amerudi kwenye daladala. Ndiyo maana mimi kabla ya kuuliza uzito wa kifaa au jina lililoandikwa ubavuni nauliza kwanza: kikifa, nitapata kingine wapi?

Anza kwa kuijua baiskeli uliyonayo. Chuchumaa usome ubavu wa tairi. Utakuta 26 x 2.10, na karibu yake namba ndogo zaidi, tuseme 54-559. Iamini hiyo ndogo. 54 ni upana kwa milimita, na 559 ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. 559 ndiyo inchi 26 ya milimani, 584 ni 27.5, na 622 ni 29. Zile baiskeli za vikapu kutoka Japani nazo zinaandikwa inchi 26, lakini 26 x 1 3/8 ni 590, na tairi lake ni kubwa mno, litapwaya kwenye rimu yako na halitakaa hata fundi afanye nini. Watu wananunua tairi kwa kutamka "ishirini na sita" tu, wanafika nyumbani wanaanza kulaumu rimu.

Tairi ndilo linaloamua kama utateleza kwenye kona yenye changarawe, kama mwiba utakulaza njiani, na kama utafika kazini umechoka. Kwa anayechanganya lami na njia za vumbi, napenda mbele tairi lenye meno makubwa yaliyoachana, nyuma lenye meno madogo yaliyosongamana katikati. La mbele likiteleza umeanguka. La nyuma likiteleza unashtuka tu. Upana wa inchi 2.1 hadi 2.25 unatosha, ila pima kwanza nafasi kati ya tairi na fremu, maana tope la masika nalo linataka pa kupita. Fremu nyingi za zamani zina nafasi finyu pale karibu na krenki, ile mikono ya pedali.

Halafu upepo. Fundi wa pancha mwenye kompresa ya magari atakujazia mpaka tairi lilie kama ngoma, na wewe utadhani ndiyo uimara. Kwenye mawe tairi la hivyo linarukaruka na halishiki kitu. Kwa mtu wa kilo 70 hivi, tairi la inchi 2.1 lenye tyubu, mimi naanzia PSI 30 hadi 35, nyuma kidogo zaidi ya mbele, kisha napunguza kidogo kidogo. Ukianza kuhisi rimu inagonga mawe, umepitiliza, rudisha. Kibadiliko hiki ni cha bure na watu wengi hawajawahi kukijaribu.

Miiba ni habari nyingine. Ukiendesha upande wa Kisongo na Monduli wakati wa kiangazi utakutana na mbigili, ule mbegu mdogo wenye pembe, ambao ukidondoka vyovyote vile lazima pembe moja itazame juu. Wenzetu wa nje wanatumia matairi yasiyo na tyubu, yenye maji ya mpira yanayoziba tundu yenyewe. Yanafanya kazi kweli. Lakini yanataka rimu na tairi vinavyokubali mtindo huo, na yale maji hukauka baada ya miezi michache, tena haraka zaidi kwenye joto, kwa hiyo lazima uwe na mahali pa kuyanunua mara kwa mara. Kama huna, kuna njia ya kati: tafuta tyubu yenye valvu ya kufunguka kichwa, umimine maji hayo hayo ndani ya tyubu. Mafundi wetu wana njia ya zamani zaidi. Wanapasua tyubu kuukuu kwa urefu na kuitandika ndani ya tairi, chini ya tyubu nzima. Inaongeza uzito, baiskeli inakuwa nzito kidogo kuondoka, lakini pancha zinapungua. Kwa mtu wa kwenda kazini sioni aibu yoyote hapo.

Na valvu iwe ile nene, ya aina ya gari. Ile nyembamba ni nzuri, ila sheli haitakusaidia usiku.

Breki zinategemea fremu imekupa nini. Kama ni za raba zinazobana rimu, usikimbilie kuzing'oa. Badilisha raba, badilisha waya pamoja na ganda lake la nje, halafu uone. Breki nyingi zinazosemwa "zimekufa" zina waya uliojaa kutu ndani ya ganda lililopasuka. Toa zile raba uzitazame kwa karibu: utaona chembe zinazong'aa zimezama ndani yake. Ni alumini ya rimu yako mwenyewe, iliyokwanguliwa na mchanga. Zing'oe kwa ncha ya kisu, la sivyo zinaendelea kuila rimu kila unapobana. Pitisha kidole ubavuni mwa rimu. Ukihisi kibonde, rimu imeliwa, na raba mpya hazitaitibu.

Breki za diski ni bora kwenye tope, hilo halina ubishi, kwa sababu hazigusi rimu. Shida ni gharama iliyojificha. Fremu lazima iwe na masikio ya kufungia, foku ya mbele, ile panda inayoshika gurudumu, iwe nayo, na habu zote mbili, yaani vitovu vya magurudumu, ziwe na mahali pa kufungia diski. Kimoja kikikosekana, hununui breki tena, unanunua magurudumu mapya. Piga hesabu yote kabla hujatoa hela ya kwanza.

Za mafuta zinabana kwa kidole kimoja na ni tamu kweli kwenye mteremko mrefu. Ila zijue. Breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Nyingi za SRAM zinatumia DOT, jamii ya yale ya gari. Niliwahi kumkuta fundi wa magari ameshika chupa ya DOT 4 tayari kuimimina kwenye breki za Shimano za jirani yangu. "Kaka, mafuta ya breki ni mafuta ya breki," akanijibu. Hapana. DOT inaharibu zile mpira za ndani, na ukishaimimina unatafuta breki nyingine. Jambo la pili: mafundi wetu wamezoea kupindua baiskeli miguu juu ndipo waanze kazi. Kwenye breki za mafuta zenye hewa kidogo ndani, hewa hiyo inahamia kwenye njia ya mafuta na kishikio kinakuwa laini. Ikitokea, isimamishe baiskeli, ibane breki mara kadhaa taratibu. Isiporudi, inahitaji kutolewa hewa.

Kwenye cheni ndiko hela inapookolewa. Cheni ni rahisi, kaseti, yaani lile fungu la meno ya nyuma, ni ghali, na cheni iliyochoka inaimaliza kaseti. Huhitaji kifaa maalumu kuipima, rula ya inchi inatosha. Weka sifuri katikati ya pini moja, nyoosha cheni, tazama inchi 12. Kwenye cheni mpya, katikati ya pini itakaa sawasawa kwenye 12. Ikiwa imevuka kwa 1/16 ya inchi, nunua cheni sasa, kaseti itakuwa bado nzima. Ikiwa imevuka kwa 1/8, andaa hela ya vyote viwili, maana cheni mpya itaruka kwenye meno yaliyokwisha kuliwa. Mwenye gia 11 au 12 asingoje hata ifike 1/16 kamili.

Naomba tuachane na oili chafu ya gereji. Ni ya bure, najua. Lakini ni nzito, imejaa uchafu wa injini, na vumbi la Arusha likiinatia linakuwa dawa ya kusaga chuma. Tumia oili nyepesi, tone moja kwa kila pingili, ngoja dakika chache, kisha futa kwa kitambaa mpaka cheni ionekane kama haina oili. Inayotakiwa iko ndani ya pini. Ya nje inaokota vumbi tu.

Unapoagiza cheni, taja idadi ya gia za nyuma. Gia 6, 7 na 8 zinachangia cheni moja. Kuanzia 9 kila idadi ina yake, nyembamba zaidi. Ile ya Phoenix, baiskeli ya gia moja, ni pana, haiingii.

Sasa gia zenyewe. Kabla hujalaumu mfumo mzima, tazama vitu viwili: waya, na kile kikono cha alumini kinachoshika kibadilisha gia kwenye fremu. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, kikono hicho hupinda, na gia zikianza kuruka hakuna skrubu itakayozituliza. Kila fremu ina umbo lake la kikono, kwa hiyo ukikipata kinachoingia kwako, nunua viwili.

Kama kilio chako ni mlima, na hapa kwetu mlima hauepukiki, usinunue gia nyingi, nunua meno mengi. Tuseme mbele gia ndogo ina meno 22 na nyuma kubwa ina 28. Mzunguko mmoja wa pedali kwenye gurudumu la inchi 26 unakusogeza kama mita 1.6. Weka nyuma 34, inakuwa 1.3 hivi. Kwenye mpando wa kwenda Ngaramtoni tofauti hiyo unaisikia magotini. Friwili za gia 7 zenye meno 34 zipo, na bei yake si ya kutisha. Hakikisha tu kibadilisha gia chako kinaruhusu meno hayo, na huenda ukahitaji cheni ndefu zaidi.

Tofautisha friwili na kaseti, maana wauzaji wanachanganya. Friwili inafungwa kwa nyuzi kwenye habu na ina mashine yake ya kulia tiktik ndani. Kaseti ni meno matupu yanayochomekwa. Mashine imo kwenye habu. Kwenye habu ya friwili, gololi za upande wa kulia ziko mbali na fremu, ndiyo maana ekseli zake hupinda na kukatika kwa watu wazito. Kama umeshakata ekseli, ruhusu gurudumu la kaseti liingie kwenye bajeti. Mfumo wa gia 12 wenye sproketi (duara la meno) moja tu mbele unavutia, sikatai. Lakini kaseti za Shimano za gia 12 zinazoanza na meno 10 hazikai kwenye habu ya kawaida, zinataka ile inayoitwa Micro Spline. Tena utabadilisha gurudumu, kishikio cha gia, kibadilisha gia na cheni kwa pamoja, na siku kimoja kikivunjika tunarudi kwenye swali la Nairobi.

Pedali na siti ni mambo madogo, lakini ndipo mwili unapokutana na chuma. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume, hufunguka kwa kuzungusha kufuata saa. Mwambie fundi kijana kabla hajairuka kwa spana. Bomba la siti lipime kwa milimita: 27.2 na 27.0 zinaonekana sawa machoni na hazibadilishani.

Shokapu sasa. Zile za springi za bei rahisi zina kilo mbili na zaidi, na baada ya masika mawili bila kufunguliwa nyingi hazishuki tena, unabeba tu. Kama yako bado inacheza, futa zile bomba zinazong'aa kila baada ya safari na usiziguse kwa maji ya presha. Kama imeganda, chaguo langu ni foku ngumu ya chuma na tairi pana mbele. Chukua yenye urefu unaokaribiana na ile ya zamani ikiwa imebonyea kwa uzito wako, la sivyo usukani utabadilika tabia. Bomba lake la juu liwe inchi 1 1/8 kama fremu yako ni ya zamani. Na fundi asilikate bomba hilo mpaka hedseti (gololi za shingo ya fremu), stemu (kinachoshika usukani) na ringi zote ziwe zimekaa mahali pake na amepiga alama kwa kalamu.